Mwaka wa Upara

Siku ya kumaliza matanga ya mama, wanawake wa Kashojwa, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi, walinikalisha kwenye kigoda mbele ya nyumba, wakanifunga shuka shingoni, na Mama Bahati akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Mama Bahati ni jirani yetu tangu tulipofika kambini. Siku hizi macho yake yamechoka na mkono unatetemeka kidogo, lakini kazi ya kunyoa wafiwa hampi mtu mwingine, na hakuna anayethubutu kumwambia apumzike. Mchungaji wetu haipendi desturi hiyo, ila siku kama hizo huwa anakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kutembelea upande wa Base Camp, makao makuu ya kambi. "Inamisha kichwa," Mama Bahati aliniambia. Wembe ulipoanza kukwaruza, akasema kwa sauti ya mtu anayejivunia kazi yake, "Hii njo mara ya pili ninaona hii kichwa mu matanga. Ile ya baba yake, miye njo nilileta habari." Wanawake waliokaa mikekani waliitikia. Mimi nilinyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na mitano juu ya jambo hilo, na aliyenifundisha kunyamaza ndiye tuliyekuwa tumemzika.

Sitasimulia habari za ukoo wetu wala safari ya kutoka Kivu ya Kusini. Walioipita wanaijua, na wasioipita nimechoka kuwaeleza. Itoshe kusema kwamba mwaka 1996 tuliachana na baba njiani. Alirudi nyuma kumsaidia ndugu yake aliyeumia mguu, akatuambia tutangulie. Tukatangulia. Mwaka ninaotaka kuukumbuka hapa ni wa 2000, nilipoanza sekondari Mbarara nikiwa na miaka kumi na sita katikati ya watoto wa miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa na miaka thelathini na miwili. Leo mimi nina thelathini na mmoja, na jambo hilo linanishinda kulielewa, kwa sababu mwanamke niliyemwona mzee na mjuzi wa kila kitu alikuwa msichana tu, mwenye ngozi laini, anayeimba kwaya, ambaye hakuwa na mtu wa kumuuliza afanye nini.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja na ukumbi mdogo, kuta za udongo, na paa la turubai lililofunikwa kwa nyasi. Kila Jumamosi baada ya kuosha vyombo mama alikaa mlangoni, mimi nikakaa chini katikati ya magoti yake, akanisuka. Mikono yake ilinuka sabuni na majani ya sombe, yaani kisamvu. Alivuta nywele mpaka macho yangu yakawa ya Kichina, na nikilalamika alinigonga kisogo kwa mpini wa kitana, akaendelea. Majirani wakipita walisimama kuzungumza, na mazungumzo yao yalipita juu ya kichwa changu kama vile nilikuwa kinu. Ndivyo nilivyosikia, Jumamosi baada ya Jumamosi, maneno yale yale. "Mama Mapendo, miaka ine sasa," Mama Bahati alikuwa akisema. "Kalisha matanga. Nyoa batoto, na weye unyoe, roho ipumuzike. Unalala na mutu hayuko." Mama hakuinua macho. "Sikuona kaburi," alijibu. "Na sikuona mutu aliona kaburi." Siku moja walimzidi, walikuwa watatu, akaacha kusuka, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akawaambia, "Siku mutaona kichwa ya huyu mutoto imenyolewa, mujue nimesikia habari ya kweli. Mbele ya pale musiniambie tena." Tangu hapo hawakumwambia tena. Lakini kila walipopita waliniangalia kwanza kichwa, ndipo wakatusalimu.

Basi ikaja nafasi ya shule. Kanisa lilipata wafadhili wa kuwasomesha watoto wachache wa kambi, na jina langu likawamo. Shule yenyewe ilikuwa ya wasichana, ya bweni, nje kidogo ya mji wa Mbarara. Karatasi ya mahitaji ililetwa nyumbani ikiwa imeandikwa Kiingereza, na mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti ukumbini, nikiigeuza Kiswahili mstari kwa mstari, mama akihesabu kwa vidole: godoro, sanduku la bati, ndoo, ufagio, jembe, sahani na kikombe. Mstari wa mwisho ulisema kila msichana afike akiwa amekata nywele zote, fupi kabisa, na asiyefanya hivyo hatapokelewa. Niliufikia nikanyamaza. Katika shule ya kambini walimu walitufumbia macho, tulikwenda na misuko yetu, hivyo sheria hiyo haikuwahi kufika nyumbani kwetu. Lakini mama hakuwa mjinga. Aliwahi kufika mjini, alikuwa na macho.

"Huko ku Mbarara habakate batoto nyele?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ile ni ya batoto badogo ya primaire."

"Imeandikwa pale?"

"Haikuandikwa."

Nilimdanganya macho kwa macho, na karatasi mkononi. Nimejaribu mara nyingi kujitetea mbele ya nafsi yangu, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilitaka shule. Kutaka shule ni kweli. Nilijua hakika kwamba kama angeusikia mstari ule asingeniruhusu kwenda, si kwa ukali, ila kwa sababu kunikata nywele kungekuwa kumuua baba kwa mkono wake. Nafasi ingekwenda kwa mwingine, na mimi ningebaki kulima mahindi ya watu. Nikachagua kumdanganya. Mkesha wa safari alinisuka vizuri kuliko siku zote, mistari myembamba inayokwenda nyuma na kuishia shingoni, akaniambia nizitunze, zitakaa mwezi mzima.

Zilikaa mpaka saa nane mchana wa kesho yake. Langoni alikuwepo metroni, msimamizi wa bweni, mama mnene wa Kinyankore aliyewahi kuolewa na mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi ya jeshi, kisicho na salamu. Alinitazama kichwani, akatazama karatasi yangu, akanitazama tena. "Wewe nakuja hapa kusoma ama kusuka nywele?" Nilimwambia mama yangu hakujua. "Mama hapana soma, wewe nasoma. Toa hiyo nywele, ingia. Nakataa, gari iko pale, rudi kambi. Mimi sitaki maneno mingi." Alikuwa na mkasi mfukoni mwa koti. Nilisimama pale na sanduku langu, nikaangalia barabara ya kurudi, nikaangalia madarasa yenye vioo, nikainamisha kichwa. Alikata misuko mmoja baada ya mwingine karibu na mzizi, ikawa inaanguka kwenye majani. Alipomaliza nikapiga magoti nikaiokota yote, wasichana wakicheka, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Mkasi ule ulikuwa butu, na ulikuwa umeacha vichaka huku na vipara kule. Hivyo ndivyo nilivyoingia bweni, chumba kirefu chenye vitanda vya ghorofa tatu vilivyobanana hata mtu alipita ubavu. Nilipewa kitanda cha juu kabisa, karibu na mabati. Kitanda cha chini yangu kilikuwa cha msichana anaitwa Kembabazi, binti wa wafugaji wa Endiinzi, mrefu, mwenye meno meupe na sauti kubwa. Kiswahili alikijua, lakini alikuwa amejifunza kwa wachungaji wa ng'ombe wa baba yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno aliyokuwa nayo ni yale mtu anayomwambia ng'ombe. Aliponiona aliweka mkono kiunoni. "Simama!" Nikasimama. "Geuka! Hii nywele mbaya. Kama mbuzi gonjwa. Kuja!" Akanipeleka nyuma ya bafu, akanilowesha kichwa kwa maji ya ndoo yake, akaninyoa kwa wembe mpaka kichwa kikawa kitupu kama kiganja. Sheria ya shule ilitaka nywele fupi tu. Upara ulikuwa huruma yake. Nililia muda wote, naye akadhani wembe unaniuma, akawa ananipuliza kisogo. "Tulia," aliniambia. "Tulia, tulia." Nadhani hilo nalo alikuwa akiwaambia ng'ombe, lakini hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo vizuri vile.

Watu wakiniuliza shule ya bweni ilikuwaje, huwa nawaambia habari ya uji na maharage yenye wadudu, kwa sababu inachekesha. Ugumu wenyewe ulikuwa kwingine. Ulikuwa kuamka saa kumi na moja alfajiri kuoga maji baridi mbele ya watoto niliowazidi miaka mitatu, mwili wangu ukiwa wa mwanamke na wao bado vifua bapa. Waliniita Mama Kongo. Ulikuwa kuulizwa swali la historia, kulijua jibu, na kulikosa neno la Kiingereza mpaka mwalimu akapita kwa mwingine. Ulikuwa pia kusikiliza watu wasiozungumza nami. Wasichana wa bweni waliongea Kinyankore wakiamini sielewi, lakini lugha yao na Kifuliiru chetu ni binamu, na baada ya wiki moja nilikuwa nakamata nusu. Walisema nimenyolewa upara kwa sababu ya chawa. Walisema wakimbizi hulala na panga chini ya godoro. Jioni moja, nikiwa nimelala juu nimewapa mgongo, mmoja akasema, "Bambi, maskini, yule analia chooni kila siku." Maneno ya chawa na panga yalinikasirisha tu. Hili ndilo lililoniuma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Hesabu ndizo zilizoniokoa. Hesabu hazina Kiingereza kingi, na sehemu za hesabu nilikuwa nimezisoma zamani upande wa kwetu, kwa Kifaransa. Kembabazi alikuwa haziwezi kabisa. Basi tukafanya mapatano bila kuyatamka, mimi namwonyesha hesabu baada ya chakula cha jioni, yeye ananisahihisha Kiingereza bila kucheka, au akicheka, anacheka waziwazi na mimi nacheka naye. Alikuwa na kopo la siagi ya ng'ombe kutoka kwao, akawa ananiwekea kijiko kwenye posho yangu, maana huko ugali wa mahindi wanauita posho, na kijiko kingine ananipaka kichwani ili ngozi isikauke. Nilitembea shule nzima nang'aa na kunuka maziwa. Wiki ya tatu nilijishtukia nimekwenda chooni na sikulia. Nikatoka nikiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyesahau kazi.

Jumamosi moja, Kembabazi akiwa ameninyoa upya kwa wembe wake asubuhi ile, metroni alitutuma mimi na Kembabazi sokoni kusaidia kubeba kabichi za jikoni. Sare zilikuwa zimefuliwa, nikavaa kitenge changu cheusi cha nyumbani. Tulipokuwa tunasubiri kabichi zihesabiwe nikamwona Mama Bahati, ambaye huja Mbarara mara moja moja kuchukua vitenge vya kuuza Base Camp. Nilitaka kujificha nyuma ya magunia, nikachelewa. Alisimama. Akakiona kichwa changu, upara wa wembe, unang'aa. Nywele fupi za mkasi ni za shule, hata Mama Bahati alilijua hilo, wanafunzi wa Mbarara alikuwa amewaona. Lakini upara wa wembe kwetu ni kitu kimoja tu, na kwa nyumba yetu alikuwa amekwisha kuambiwa maana yake. Alitua mzigo wake chini, akaja, akanishika mikono yote miwili, akainamisha kichwa. "Pole, mutoto yangu. Mungu akutie nguvu." Mtu mzima hamuulizi mfiwa maswali njiani, humpa pole akapita. Mimi nilidhani ameelewa kwamba nimekatwa nywele kwa ajili ya shule na ananionea huruma, nikamsihi, "Mama Bahati, tafadhali, usimwambie mama." Akanitazama kwa huzuni kubwa. "Haya mambo haifichwake, mama," akasema, akanibusu paji la uso, akaenda zake. Kabichi zilikuwa nzito, na njia nzima Kembabazi aliuliza kwa nini yule mama analia.

Wiki mbili zilizofuata sikusoma chochote kikaingia. Nilijua habari ya nywele imefika nyumbani. Kila nilipoona mtu langoni nilidhani ni mama amekuja kunichukua. Nilipanga maneno ya kumwomba anisamehe, nikayabadilisha, nikayapanga tena. Kembabazi nilikuwa nimemweleza yote, habari ya baba, kiapo cha mama na uongo wangu, naye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Mama yako nachapa?" Nikamwambia hachapi. "Basi mbaya," akasema. "Wa kuchapa nachapa, nakwisha."

Mama alikuja siku ya wazazi, Jumapili, kama wazazi wengine. Uwanja ulijaa mikeka na vikapu na watoto wenye midomo ya mafuta. Nilimwona akiingia langoni peke yake, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge, kitambaa kichwani, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Nilibaki nimesimama. Alikuja moja kwa moja, akatua sufuria, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama siku ile alipoapa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, kama ukucha tu. Akapitisha kiganja juu yake, polepole, mbele mpaka nyuma, na machozi yakamshuka bila sauti. "Mutoto yangu," akasema. "Ulibeba hii kitu peke yako." Sikuelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Ndipo akafungua kitambaa chake, nikaona kichwa chake kimenyolewa kwa wembe, cheupe, kidogo, chenye kovu nyuma ya sikio ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Nani amekufa, mama?" nikamuuliza.

Alinitazama. "Weye njo uniambie," akasema.

Sina njia nzuri ya kuandika kilichofuata. Nilimwambia hakuna aliyeniambia kitu. Nilimwambia habari ya karatasi, mstari wa mwisho, metroni, mkasi butu. Kembabazi, ambaye alikuwa karibu na wazazi wake, aliona nyuso zetu akaja mbio, akapiga magoti mbele ya mama kama binti wa kwao anavyomsalimu mkubwa, akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi nilinyoa yeye. Wembe yangu. Ilikuwa mbaya, kama mbuzi gonjwa. Mimi nakosa." Mama akamwangalia Kembabazi kichwani. Kisha akageuka akaangalia uwanja mzima, wasichana mia na mia wakila, wakicheka, wote nywele fupi, watoto wa matajiri na watoto wa maskini, na hakuna aliyefiwa. Halafu akaketi, akafungua sufuria, akatoa bugali wa muhogo, sombe, na samaki wa ziwa la kambini aliyekaushwa. "Mukule," akasema. "Na weye, binti, kula." Tulikula. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile, na kilikuwa kitamu.

Tulipomaliza aliniambia yaliyotokea nyumbani. Mama Bahati alikuwa amerudi jioni ile ile, akaweka mzigo wake, akaenda nyumba kwa nyumba kabla ya kuja kwetu. Mama alikuwa anapembua mchele akaona wanawake wanakuja na mikeka, na kuni, na maji, hakuna anayesema kitu. "Nikaelewa," alisema. "Nikajua umesikia habari huku, ku batu bapya, ukanyoa. Sikuuliza. Nilisema, kama mutoto amenyoa, basi anajua." Siku tano walikaa naye. Waliimba, walipika, wakamwosha. "Nililia na sauti sikujua niko nayo," akasema. Mimi nikaanza kulia, nikamwambia nitarudi naye leo hii, nitawaambia watu wote kwamba nilidanganya, nitaacha shule. Alinikatiza. "Urudi kufanya nini? Nyele iko chini tayari." Akakusanya mifupa ya samaki. Nilidhani amemaliza. Kisha akasema, akiangalia mikono yake, "Mapendo. Miaka ine silale. Nalala sikio moja iko inje, kama atagonga. Ile siku ya kumaliza matanga, nililala. Nililala mpaka jua ikanipiga." Alilisema hilo kwa haya, kama mtu anayekiri kwamba ameiba. "Usinirudishie ile muzigo. Acha batu bajue vile banajua."

"Na baba akirudi?"

Hapo mama alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akaweka mkono mdomoni, mabega yakawa yanatikisika, Kembabazi akaanza kucheka pia bila kujua sababu, na mimi nikacheka huku nalia. "Akirudi," mama akasema akijifuta macho, "tutamuomba musamaha." Halafu uso wake ukabadilika, akaninyoshea kidole. "Lakini weye ulinidanganya ku macho. Ile sitasahau." Na kweli hakusahau. Mpaka mwaka jana, nikimwambia kwa simu kwamba nimekula, kwamba sina homa, aliuliza, "Kama ile karatasi ya Mbarara?"

Kabla hajaondoka nilikimbia bwenini nikamletea ule mfuko wa plastiki. Sikujua kwa nini nampa. Niliona tu ni mali yake, mikono yake ndiyo iliyozisuka. Aliufungua akaangalia misuko, akaufunga, akautia kwenye sufuria tupu, akafunika. Nilimsindikiza mpaka langoni. Metroni alimwona na upara wake, akamwambia, "Pole, nyabo," yaani bibi, kwa unyenyekevu ambao sikujua anao, na mama akajibu, "Asante." Likizo ya kwanza niliporudi Kashojwa alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye muhogo. Palikuwa na mahali padogo paliposawazishwa, pamezungushiwa mawe, si pakubwa kuliko sinia. "Nyele yako iko pale," akasema. "Sikuona kaburi, nikatengeneza. Usimwambie mutu." Kila Jumamosi alipalilia pale kabla ya kukaa mlangoni, na nywele zangu zilipokuwa fupi na hana cha kusuka, alikaa tu, mimi katikati ya magoti yake, akanikuna kichwa. Hakuolewa tena. Lakini aliimba, alilala, akanenepa kidogo. Mimi nilimaliza shule nikawa mwalimu wa hesabu. Usingizi wake wa sikio moja nje niliurithi mimi. Miaka yote hiyo, kila mwanamume mgeni akiingia kijijini kwa miguu na mzigo mgongoni, mimi huanza kupanga maneno.

Mama alipougua aliomba azikwe nyuma ya nyumba, kwenye muhogo. Wazee walishangaa, maana makaburi yapo, lakini maneno ya mgonjwa hayapingwi. Kembabazi alikuja mazishini kutoka Endiinzi na mtungi wa maziwa na watoto watatu. Alisimama ukingoni mwa kaburi, akayaona mawe yale madogo pembeni, akanitazama, akajua. Jioni alinikuta nimekaa peke yangu sijala tangu jana. Kiswahili chake hakijaongezeka. "Kuja," aliniambia. "Kunywa." Nikanywa.

Mama Bahati alipomaliza kuninyoa alikusanya nywele zangu kwenye gazeti ili akazitupe. Nilimwomba anipe mimi. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ana swali, lakini mtu mzima hamuulizi mfiwa maswali, akanipa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikachimba kwa kijiko kati ya yale mawe na udongo mpya, nikazifukia, nikapasawazisha kwa kiganja. Kisha nikamwambia mama alale tu usingizi wake, asiwe na wasiwasi. Baba akirudi, nitamwomba msamaha peke yangu.